Kuomba Kituo cha Kuchajia Kabla Kuku wa Mkwe Hawajaisha

Rusimbi,
Kigoma.

Kwa Mkubwa wa Umeme Mkoani (cheo chako kamili sikukipata, nimekuacha hapo hapo kwenye ukubwa),

Amani ya Bwana iwe kwako na nyumbani kwako. Mimi ni Telesphory, muuza dagaa na mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa, elimu yangu darasa la saba. Mwaka jana nilinunua pikipiki ya umeme. Niliambiwa hainywi petroli, nikafurahi kama nimebatizwa upya. Sikuuliza inakula wapi. Tangu hapo nimetafuta kituo cha kuchajia kuanzia Ujiji hadi Bangwe sijakiona, na jamaa yangu wa Kasulu anasema huko nako wanakisikia tu. Kwa unyenyekevu nalalamika hivi:

1. Nyumbani tuna soketi moja inayofanya kazi, nayo imeposwa na friji ya barafu ya mke wangu, Angelina. Niliichomoa friji mara moja tu. Barafu za watoto wa shule ziligeuka maji, na mimi nikageuka bubu hadi Jumapili.

2. Jumapili hiyo nikaenda kuchajia kanisani. Mkubwa, waya nilioutoa ukutani sikujua kuwa ni wa kinanda. Tulikuwa katikati ya "Utukufu". Kwaya ilibaki inaning'inia hewani, Padri akageuka, na mimi mwenyekiti nikainama kama mtu anayesali sana.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Dagaa nanunua Bangwe, na Bangwe ndiko alikoolewa binti yangu Happiness. Chaji ikipungua huko, soketi ninayoijua ni ya mkwe mwenzangu, Mzee Kasongo, baba wa mume wa Happiness. Sasa, kwa tulivyolelewa sisi Waha, baba haendi kushinda kwa binti aliyemwoza. Anakwenda akiwa na jambo, analisema, anaaga. Mimi jambo langu ni betri, na betri haijui kuaga. Inataka tangu asubuhi hadi ugali wa mchana. Nao hawawezi kumtazama mkwe akae hivi hivi, basi kila nikifika wanachinja. Na kwa kuwa pikipiki yangu haina mlio, kuku wa watu hawapati hata nafasi ya kukimbia.

4. Wiki iliyopita Mzee Kasongo aliniuliza mbele ya majirani, "Mkwe, ulituletea mke au ulikuja kufunga mita?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa na paja la kuku wake mdomoni.

Kwa hiyo naomba kituo Bangwe. Ikiwezekana kingine Ujiji, kingine parokiani mbali na kinanda, na baadaye kila mtaa wa nchi hii ambako mtu ameoza binti, ili baba wakwe wachajie kwa heshima na kuku wazeeke.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mafundi wanaopanda nguzo, Mungu awashike.

Ndimi mpungufu wa chaji, na wa aibu pia,
Telesphory

Baada ya kusaini: Angelina ameisoma barua hii. Akaenda akachomoa friji, akasema, "Baba Happy, soketi hiyo hapo. Chaji." Nikajikuta naitetea barafu. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akafunga ndizi na mawese nimpelekee binti. Happiness ana mimba ya kwanza, na tangu aolewe amekuwa mkimya. Ila betri ikiwa ukutani anakuja kukaa karibu nayo, eti anaangalia kama taa imekuwa ya kijani, na hapo tunaongea. Juzi ameniambia hata jina analotaka kumpa mtoto. Basi Mkubwa, kama hamjaanza kuchimba, msihangaike mwaka huu. Kituo kikijengwa Bangwe, pale kwa Mzee Kasongo nitasema nimefuata nini?