Panya Watano wa Saa ya Chakula

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Ndogo kuliko nilivyoogopa, kama cherehani isiyo na gurudumu. Fundi aliyeileta ametuonyesha mara moja tu. Panya anaingizwa kwenye kibomba, mkia unatokeza nyuma, kamera inautazama, sindano zinadonoa. Nusu dakika. Mkia umepata namba ya tatuu, na haitoki mpaka panya afe.

Namba hizo nimeziandika mimi kwa kalamu, miaka miwili. Panya wanazilamba, kila Alhamisi naandika upya. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu umenyooka, na ndio ulionipa kazi hapa maabara. Leo mwandiko umestaafishwa.

Mkuu wa maabara amesema mashine inataka mtu mmoja, na nyumba ya panya ina wawili. Mmoja ataishika mashine, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwingine atahamia chumba cha kuoshea vizimba, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ijumaa tutapimwa.

Huyo mwenzangu ni Shemeji. Kazini wote wanamwita Shemeji. Dada yake kaolewa na nani, hakuna ajuaye.

Chekechea inafunguliwa saa moja. Saa kumi na moja Bibi Mdogo, binti yangu wa miaka minne, bado anaota. Baba yake ni dereva wa lori, tunamwona Jumapili mbili kwa mwezi. Mimi ndiye ninayemwamsha, nikamsikiliza akisimulia ndoto yake huku namsuka. Ndoto zake ni ndefu na hazina mwisho. Siwezi kuzikosa. Mashine lazima iwe yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha nne, zote nazijua kwa sura tu. Nimesoma picha. Shemeji akapita, akauliza kama nimekiona. Nikamwambia sijakiona. Nilikuwa nimekikalia.

Jioni, mazoezi nyumbani. Kibomba: chupa ya shampuu niliyoikata. Panya: soksi. Mkia: kamba ya kiatu. Bibi Mdogo alikuwa mashine, kazi yake kulia pii namba ikikamilika. Alilia pii hata nilipokosea, kisha akadai naye aandikwe. Nikamwandika 14 mkononi kwa kalamu ya kazini. Akakataa kuoga.

Jumatano, 5 Machi

Soksi haina roho. Haijikunji, haigeuki kukutazama. Nikaona lazima nijaribu kwa panya wa kweli. Saa ya chakula wote walitoka, nikabaki. Hakuna aliyekataza kuigusa mashine. Hakuna aliyeruhusu pia.

Nilikusudia mmoja tu. Namba ikatoka imelala upande. Nikachukua wa pili ili nirekebishe, nayo ikapinda. Wa tatu ikanyooka. Hapo kukanoga. Nilipozinduka nina panya watano wenye namba za kudumu, ambao hakuna daftari linalowatambua.

Nimejaribu sabuni. Nimejaribu spiriti. Nimejaribu kifutio cha Bibi Mdogo, kile chenye umbo la sungura. Panya alinivumilia kama mtu anayenyolewa. Tatuu haikutikisika.

Nimewaficha kwenye kizimba cha chini kabisa, nyuma ya magunia ya maranda.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa wanyama amepita. Amesema kwa sauti yake ya upole, ile ya kutisha, kwamba kuanzia sasa kila panya mwenye namba atajulikana nani alimchora na kwa nini. Shemeji akaitikia. Mimi nikapiga deki mahali palipokuwa pakavu na safi.

Mwalimu wa chekechea naye ameniita. Darasa zima sasa lina namba mikononi. Watoto wawili wamepigania 14. Ameniomba, mama, tafadhali, mambo ya kazini yabaki kazini. Bibi Mdogo njiani akanieleza kwamba yule mwingine ni 14 wa uongo.

Usiku sikuwaza tena namna ya kuwafuta wale watano. Niliwaza namna ya kuwatumia.

Ijumaa, 7 Machi

Kila mtu nusu saa. Shemeji alianza. Alipiga chafya mara nne, panya wakaruka naye akaruka. Akamaliza na ishirini na wawili.

Mimi nikawashika taratibu, nikiwanong'oneza kama ninavyomnong'oneza Bibi Mdogo akichanwa nywele. Ishirini na wanne. Namba zote zimenyooka. Daktari akasema, haya, leo mkono umeonekana ni wa nani.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi naona mbali. Wote walipotoka kunawa, niliwatoa wale watano na kuwahamishia kwenye vizimba vya Shemeji. Wawili wana namba zilizopinda, ile saba imelala kabisa kama mlevi. Wakikaguliwa, aibu yake, na mimi mzigo umenitoka. Kwa mpango mmoja nimemaliza matatizo mawili.

Nimejinunulia soda. Bibi Mdogo nimemnunulia riboni mbili za asubuhi zetu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamewakuta wale watano kwa Shemeji.

Sikujua kwamba mashine inaandika siku na saa ya kila mkia. Jumatano, saa ya chakula. Mkuu ametuita wote, akasoma kwa sauti. Nikaanza kutoa jasho kwa niaba ya Shemeji.

Mkuu akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote hajaona mfanyakazi anayeacha chakula chake ili ajifunze kazi, bila kusukumwa na mtu. Akasema tena tazameni, wawili wa kwanza wamepinda, watatu waliofuata wamenyooka. Mtu huyu anajifunza haraka. Daktari akakumbusha kwamba Ijumaa mimi ndiye niliyeshinda. Mkuu akajibu kwamba kasi inafundishika, moyo haufundishiki.

Shemeji alitazama dari. Alipoulizwa, akasema yeye hapendi kujisemea.

Mashine ni yake. Mimi nianze kuosha vizimba keshokutwa.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nimeitafuna mpaka jioni.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amenifuata stoo. Akasema, dada, Jumatano ile mimi nilikuwa kwa fundi cherehani napimwa suruali, kwa hiyo wale panya ni wa nani najua kama unavyojua wewe. Akasema panya wanampa chafya tangu siku ya kwanza. Na kwamba aliwahi kufanya kazi ya kuoka mikate, mpaka leo saa kumi alfajiri yuko macho, anatazama ukuta. Twende wote kwa Mkuu, akasema. Wewe useme la Jumatano, mimi nimwombe kazi ya sabuni, yaishe.

Mtego. Niliuona kabla hajamaliza. Mtu apewe mashine, aje kuirudisha kwa hiari? Anataka nikiri tu, kisha anigeuke. Nikamwambia Shemeji, usinitafutie ubaya, mimi sabuni naipenda tangu utotoni. Akanitazama sana. Akasema haya dada, ukibadili mawazo mimi nipo. Hata hapo hakukata tamaa! Mjanja kweli.

Kwa hiyo kesho ni sabuni. Shangazi wa chumba cha pili amekubali kumpokea Bibi Mdogo alfajiri na kumfikisha chekechea. Kumvalisha amekataa. Anasema mtoto yule akivaa anasema sana, na yeye saa hiyo kichwa hakijafunguka.

Lakini nimekwisha kulipanga. Nimemwogesha, nimemsuka, na nimemlaza akiwa ameshavaa. Sare yote. Aliuliza kama viatu navyo vinalala kitandani. Nikamwambia leo ndiyo mara yao ya kwanza, avionee huruma. Ndoto ya kesho ameamua kunisimulia usiku huu, kabla hajaiota, ili nisiikose. Ilikuwa ya tembo aliyekuwa mwalimu. Alisinzia tembo akiwa bado anaita majina.

Sasa amelala chali, riboni kichwani, soksi zimevutwa hadi magotini, mkoba mgongoni unamzuia kugeuka na kukunja sare. Nimeokoa dakika ishirini na tano. Sijui kwa nini akina mama wengine hawajaligundua hili.