Mguu wa Mbuzi na Karafuu za Mjomba

Redio ya muuza kahawa pale Mafiga ilitangaza kwamba wataalamu wamethibitisha: mafuta ya karafuu na mdalasini yanazuia bakteria wanaoozesha nyama. Nasibu, kijiweni wanamwita Mkwe, akaivuta ndoo yake karibu. Ndani mlikuwa na mguu wa mbuzi wa kumpelekea mjomba wa mkewe, Witness, kule Matombo, ili mke huyo aliyenuna na kukimbilia huko aruhusiwe kurudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na Nasibu alimkumbuka mkewe mpaka chapati haishuki.

"Si nilisema!" Arif muuza viungo, maarufu kama Dokta, akapiga paja. "Paka karafuu, mguu huo unafika Matombo unanukia harusi!"

"Acha kumpoteza mtu," akadakia Twalibu, fundi friji ambaye kijiweni naye wanamwita Friji. "Karafuu inazuia, haifufui! Wenzako wamepima maabara, sio kwenye ndoo."

"Wewe unaogopa mafriji yatakosa wateja."

"Siogopi karafuu mie, naogopa tumbo!"

Nasibu hakusikia la mtu. Akachota unga wa karafuu kwenye mfuko wa Arif, akausugua mguu mpaka ukawa mweusi tii, kisha akampigia mjomba kujigamba, simu kaiweka spika.

"Shikamoo mjomba. Nakuja na nyama, nimeipaka karafuu, haiozi ng'o!"

"Marahaba. Karafuu za wapi?"

"Za dukani kwa Arif."

"Hizo nimemuuzia mimi. Haya, mkwe, nilikuambia ulete nini?"

"Mbuzi, mjomba."

"Sasa mguu ndiyo mbuzi? Mbuzi anapanda mlima mwenyewe, analia njia nzima, majirani wajue Witness amefuatwa. Huo mguu wako ukianza kulia, nipigie."

Kijiwe kizima hoi kwa kicheko. Nasibu akatamani ardhi ipasuke. Mara simuni ikasikika sauti ya Witness, anacheka mpaka anakohoa.

"Baba Evance, lete huyo mbuzi bwana. Nguo nishakunja."

Furaha ikampanda Nasibu kichwani. Akatimua mbio kutafuta mbuzi anayelia, ndoo kaiacha hapo hapo kwenye benchi.

Aliyebaki nayo ni Twalibu. Arif alipogeuka, mguu ulishakaa juu ya jiko la kahawa, mafuta yanachuruzika.

"We Friji, si umesema karafuu huiamini?"

"Siiamini hata kidogo," Twalibu akajibu, akipuliza mkaa. "Ndiyo maana tunaula sasa hivi."