Nywila ya Baba Mapacha

Tunautangazia ulimwengu wote, hasa kuanzia Busia hadi Tororo, kwamba mtandao wa shule yetu sasa hauingiliki. Hivyo ndivyo nilivyosoma mbele ya shule nzima Jumatatu, mimi Jeff, Katibu wa Kamati ya Usalama wa Mtandao. Cheo hicho nilipewa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiuingilia.

Jumanne wazazi wote wakapata ujumbe wa shule: chakula kimekwisha, njooni mchukue watoto. Kufikia adhuhuri bodaboda zilikuwa zimeziba geti. Sisi tulikuwa tukila ugali wa posho na maharagwe, tukiwapungia mkono.

Mtuhumiwa alipatikana upesi, kwa kuwa shule ina mmoja tu. Mwalimu Mkuu Etyang alisema nikionekana nina hatia nitarudi kwetu Molo kupalilia mihogo, na mtihani wa taifa nitausikia redioni. Tatizo ni kwamba safari hii sikufanya. Kutokuwa na hatia ni kazi ngumu, na sikuwa na uzoefu wowote. Nilitabasamu mahali pasipostahili.

Kesi ilisimamiwa na Bwana Ilukor, Afisa wa Mitandao wa wilaya, ambaye ndiye hutuma matangazo ya shule zote zilizo chini yake. Alitueleza kwamba mfumo wetu ni imara. Uliletwa na wafadhili kabla sijazaliwa, na kama mzee yeyote, umeacha kuuliza maswali mengi. Hauulizi wewe ni nani. Unauliza nywila tu.

"Na nywila ya shule hii anaijua nani?" akauliza.

"Mimi na Mungu," akajibu Mwalimu Mkuu.

Hapo akaingia Mama Wilkister, anayevuka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya kutuuzia mandazi. Alitua beseni, akainama kidogo. "Habari ya kazi, Baba Opio na Odongo?"

Mwalimu Mkuu akaacha kupumua. Kwetu mapacha wa kiume hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Opio, anayefuata ni Odongo, na baba yao huitwa hivyo mpaka kaburini. Kumbe nywila, siri kuu ya shule, ilikuwa ikisalimiwa sokoni kila siku, na yeye akiiitikia.

Bwana Ilukor alicheka hadi akavua miwani. "Mwalimu, paswedi unaificha ndani ya salamu?"

Mama Wilkister akamgeukia kwa heshima ileile. "Na wewe pia, Baba Opio na Odongo, chukua mandazi. Mapacha wako hawajambo?"

Kicheko kikakauka. Kisha simu ya Bwana Ilukor ikalia, na kwa kuwa nayo ni ya zamani, sote tulisikia. Alikuwa mkuu wa shule moja ya Paya, wilaya yetu hii hii.

"Afisa, ile ujumbe yetu ya chakula ulituma wapi? Watoto iko na njaa, na mzazi hata moja hajafika."

Kamati ilielewa. Ili kutuma ujumbe wa Paya, afisa aliandika majina ya wanawe kama nywila, na mfumo ukamfungulia ukurasa wa baba mapacha wa kwanza uliyemkumbuka. Watoto wa Paya wakalala njaa ili wazazi wetu wapate matembezi.

Uamuzi ulitolewa papo hapo: kosa ni la kiufundi, na mimi naachiliwa kwa sababu za kibinadamu. Magunia yetu ya posho yakapakiwa kwenda Paya. Bwana Ilukor akanivuta nyuma ya stoo.

"Kijana, nichagulie nywila ingine. Ngumu kabisa."

Nikamchagulia, nikaiingiza mwenyewe. Alianza kuikariri akielekea kwenye gari, na kabla ya kufungua mlango ilikuwa imemtoka. Kuibadilisha tena hajui. Basi siku hizi wilaya haitoi tangazo lolote mpaka afisa asimame mlangoni mwa bweni letu, avue kofia, na aulize kwa sauti ya chini kama Mzee Jeff ameamka.