Katibu Amejitolea

Jumapili, 4 Juni 1967
Nimeandika kumbukumbu za mkutano wa kamati ya maji, hapa Gatitu. Ukweli ni kwamba tulibishana saa tatu kuhusu mahali pa kuweka mfereji wa kuchotea maji ya bomba, hatukuelewana hata kidogo. Kumbukumbu zangu zinasema: "Ilikubaliwa mfereji uwekwe langoni kwa Katibu." Katibu ni mimi! Jumamosi nitazisoma, mmoja apendekeze zithibitishwe, mwingine aunge mkono, mwenyekiti Muriithi atie sahihi. Basi. Nimeshamwambia mke wangu Magdaline hatateka tena maji mtoni. Ameimba jioni nzima.

Jumanne, 6 Juni
Silali. Watauliza, mbona langoni kwake? Lazima kuwe na sababu. Nimeongeza: "Katibu amejitolea kuchimba mtaro wote wa bomba, yadi mia nne, peke yake." Sentensi tamu. Nani atapinga?

Jumamosi, 10 Juni
Kumbukumbu husomwa mara tu baada ya maombi. Nikajifanya natafuta miwani mpaka birika la chai likaingia. Wakageukia vikombe. Nikasoma mbio mbio. Wahome, mpinzani wangu tangu zamani, alikuwa anapuliza chai yake. Nimeshinda!

Kumbe Mwalimu Kabura hanywi chai. Alisema mahali pa mfereji hapakukubaliwa, yeye alikuwepo. Ghafla wote wakakumbuka. Mstari ukakatwa. Nikaomba ule wa mtaro nao ukatwe. Muriithi akauliza ni nani anayekumbuka Katibu akijitolea. Mikono kumi na mmoja! Miwili ilikuwa ya Wahome. Kabura akapendekeza zithibitishwe, Wahome akaunga mkono, sahihi ikatiwa. Kisha wakapiga kura: mfereji uende kwa Wahome. Mtaro utapita mbele ya lango langu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Jumatatu, 12 Juni
Nilitaka kuchana ukurasa. Haiwezekani, Kabura alizitia nambari kurasa zote mwaka jana. Niliogopa kumwambia Magdaline. Amesikia sokoni Karatina. Alinipa jembe.

Jumamosi, 17 Juni
Yadi thelathini. Mikono imejaa malengelenge. Asubuhi Magdaline alinipita akitoka mtoni, debe la maji mgongoni, hakuniangalia. Hilo limeniuma kuliko malengelenge. Baadaye Wahome akaja kutazama, akaniuliza ati niko na jembe ingine ama ni hiyo tu. Alitaka tu kujua, akaenda zake.

Vizuri. Jioni hii nimeandika kumbukumbu za mkutano uliopita: "Wahome alijitolea kumsaidia Katibu kuchimba." Lakini watauliza, tangu lini Wahome ana moyo huo? Lazima kuwe na sababu. Nimeongeza: "kwa kuwa Katibu amejitolea kumlisha Wahome na jamaa yake yote mpaka mtaro uishe."

Nani atapinga?