Meza ya Mama Mkwe Yanata

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametuletea meza ya marehemu mumewe. Imepauka, imekwaruzika, lakini mke wangu ameikumbatia. Sharti: tuing'arishe. Jumapili anakuja kuikagua. Isipong'aa, inahamia kwa mwanyumba wangu, yaani mume wa shemeji yangu, Bwana Najua-Yote. Yule? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua mafuta ya mbao. Muuza duka kanielekeza: chovya kitambaa, paka kidogo, sugua, ngoja, kisha futa yote yaliyobaki juu. Kesho yake rudia. Nimemwomba aseme tena. Akasema tena. Bado sielewi. Nipake, halafu nifute? Si heri nisipake? Aa! Anataka nirudi kununua kopo jingine. Amegonga mwamba.

Jumatano, 5 Machi
Nimemimina kopo zima. Sijafuta hata tone. Naiona pua yangu mezani! Mke wangu kauliza mbona inanata. Nimemjibu ndiyo kwanza mafuta yanaingia. Yanaingia wapi, sijui.

Ijumaa, 7 Machi
Bado inanata. Kwa nini? Imeshika vumbi, manyoya ya paka na nzi mmoja. Nimeongeza mafuta kufunika uchafu. Sasa nzi naye anang'aa. Mwanyumba kapita, kagusa kwa kidole, kacheka hadi machozi. Eti nikwangue yote, nianze upya, nipake kidogo na kufuta. Kumbe wamepanga na muuza duka! Nimemfungulia mlango aende zake.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Nilitandika kitambaa cheupe kuficha aibu. Mama mkwe akataka kiondolewe. Hakikuondoka. Akavuta yeye, tukavuta sote, meza ikatufuata hadi mlangoni. Nikasema basi, imeshafika nusu ya safari. Hakuna aliyecheka. Ilipopakiwa kwenda kwa mwanyumba, mke wangu alilia. Iliniuma sana, jamani.

Jumapili, 30 Machi
Tumealikwa kwa mwanyumba. Meza inang'aa, laini, haishiki hata unyoya. Kasema alikwangua, akapaka, akafuta, akarudia. Mke wangu aliipapasa muda mrefu bila kunitazama. Nami nimeduwaa: sifa zote zake, na mafuta yaliyozama mle ndani ni yangu!

Nitamfuta mke wangu machozi. Kesho naanza na kitanda chetu. Nimeshanunua makopo mawili. Mke wangu kaficha vitambaa vyote vya nyumba hii. Maskini, hajui kwamba kwa njia yangu kitambaa hakihitajiki.