Dari Inayonijibu

Jumatatu, 3 Machi

Kituo cha redio kimeniandikia. Dakika kumi kila wiki za kuuambia umma ukweli, mradi niwapelekee sauti safi kabla ya Ijumaa jioni. Miaka ishirini nimeingojea barua hii! Nikarekodi chumbani. Kila neno lilipanda, likagonga dari, likanirudia usoni. Dari yenyewe naigusa kwa kiganja.

Mke wangu akashauri niingie kwenye kabati la nguo, eti nguo humeza mwangwi. Nikamwambia mtu wa hoja hasemi kabatini kama mende.

Baya zaidi: kaka yake, shemeji yangu, mwalimu mstaafu, naye kaandikiwa. Mtu asiyemaliza sentensi bila kukohoa. Nafasi ni moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika trei tupu za mayai dari nzima. Arobaini na nane. Seremala, niliyemwomba ngazi, alifika akaona haina kazi. Akasema trei hazizuii kitu. Dari fupi inataka kitu kinene na laini juu ya kichwa cha msemaji. Nikamweleza jinsi mafundi walivyowapinga wavumbuzi katika kila zama. Akabeba ngazi yake akaenda.

Jumatano, 5 Machi

Kinene na laini. Godoro la wageni! Nimelipigilia juu kwa mbao na misumari. Sasa siwezi kusimama. Nimerekodi nikiwa nimepiga magoti.

Sauti safi kabisa. Lakini nilikuwa nawashambulia viongozi wazembe, na nilisikika kama ninawaomba msamaha.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amefika. Mke wangu anadai aliniarifu wiki mbili zilizopita. Mgeni akaulizia godoro. Nikamwonyesha. Akalitazama, mikono nyuma.

“Mkwe wangu,” akasema, “mimi nitapandaje?”

Amepewa kitanda chetu. Mimi na mke wangu tuko mkekani, tumepeana migongo.

Ijumaa, 7 Machi

Godoro limeanguka. Nilikuwa kwenye aya ya uwajibikaji. Limeshuka na mbao, misumari na trei zote, likavunja maikrofoni. Nilibaki chini yake. Nakiri hapa tu: kulikuwa kimya. Nikasema maneno mawili, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichonijibu.

Mke wangu akainua pembe moja. Hakucheka. “Baba watoto, sauti yako ni nzuri usipogombana nayo. Kabati liko wazi, na simu yangu inarekodi.”

Nikakataa. Msimamo ni msimamo. Nimewapelekea ile ya magoti.

Jumatatu, 10 Machi

Wamejibu. Unyenyekevu wangu umewagusa sana, ila kipindi kinataka mtu mkali. Wamemchukua shemeji. Alirekodi kabatini, katikati ya makoti, wima, na hakukohoa hata mara moja. Nimeuliza nani alimpa wazo hilo. Mke wangu anakunja nguo, hajasikia.

Nimetafakari kwa uchungu. Kosa halikuwa godoro, wala mimi. Dari haiwezi kupanda, sawa. Lakini nani kasema sakafu haiwezi kushuka? Futi mbili tu, nami nitasimama wima chini ya godoro na kunguruma.

Nimeazima sururu kwa seremala. Mama mkwe ameiona begani mwangu. Amelikalia godoro pale pale sakafuni lilipoangukia, na hataki kusimama.