Dalia Zinazongoja Jalidi

Jumatatu, 18 Septemba 2000
Mvua imeanza. Maman Speciose, anayepamba kumbi za harusi hapa Kamembe, anatafuta msichana wa kumsaidia. Ametugawia viazi vya dalia, mimi na Umutoni wa jirani. Atakayeleta ua la kwanza anapata kazi. Papa amesema nikishindwa nitakwenda Bugarama kwa shangazi, kufukuza ndege kwenye mpunga. Siwezi! Ni kupiga kelele mbele za watu.
Umutoni kafukia vyake leo hii, katikati ya maharage. Bila kusoma! Mimi nina kijitabu cha Kifaransa, kimetoka Bukavu, katika nyumba ya Wabelgiji walioondoka. Kinasema: panda baada ya jalidi ya mwisho. Jalidi ni barafu nyembamba inayofunika majani alfajiri. Nitangoja.

Jumamosi, 7 Oktoba
Umande tu. Nimemuuliza Bibi jalidi huja mwezi gani. Hajaiona tangu azaliwe. Labda Mibirizi, kule juu milimani. Kisha akafoka: “Batoto ba masomo! Mvua inanyesha, weye unangoja nini?” Kachukua kiazi kimoja, kakifukia nyuma ya jiko, anapomwaga maji ya vyombo. Hicho kimekwisha.

Jumapili, 22 Oktoba
Ng'ambo, Bukavu, risasi tangu asubuhi. Mpaka umefungwa. Jalidi hakuna. Umutoni amechungulia juu ya uzio: “Mwavita, viazi vyako biko bado shuleni?” Jibu zuri sana nimelipata jioni, peke yangu.

Alhamisi, 2 Novemba
Nimepata! Jalidi isiyokuja haiwezi kwisha. Basi niilete mwenyewe. Nimekwenda kwa Mzee Ridhwani, mwenye friza ya soda. Nilisimama pembeni mpaka wateja wote wakaondoka. Akauliza barafu ni ya nini. Nikasema kuna mgonjwa. Akamwombea dua. Nimeiponda, nikaitandaza kwenye tuta. Bata wamekula kidogo. Imeyeyuka yote. Jalidi ya mwisho imepita! Nimepanda.

Ijumaa, 8 Desemba
Dalia ya Bibi imefunguka nyuma ya jiko. Nyekundu, pana kama sahani. Za Umutoni bado ni matumba, maharage yamezifunika. Bibi alitaka kulikata ua, akaniambia nikimbie nalo kwa Maman Speciose. Nimemweleza kwa upole kwamba limeota bila jalidi. Si la kuaminika. Amerudi kwenye sufuria zake. Ua nimelifunika kwa ndoo, watu wasilione. Zangu zina majani machache, lakini zimefuata utaratibu.

Jumanne, 12 Desemba
Umutoni amepata kazi. Nilitaka kumwonya kwamba ua lake limeharakishwa. Nimepita mbele ya mlango wake, nikarudi, nikapita tena. Papa ananitafutia gari.

Jumamosi, 23 Desemba. Bugarama
Joto hapa halielezeki. Ndege wanakula mpunga, mimi nawanong'oneza waondoke. Shangazi amesema hata kinyago kingemfaa zaidi.
Dalia zangu nimezing'oa nikaja nazo. Tuta lipo tayari. Nilimwomba Nzabonimana, dereva wa lori la saruji, aniletee barafu kutoka Kamembe, kwa Mzee Ridhwani. Leo kanikabidhi gunia tupu, limelowa.
Nimemwambia safari ijayo alete magunia mawili, na aendeshe haraka zaidi.